Tepu Mbili za Bwana Nyuki

Sanduku la bati la baba lilikaa chini ya kitanda mwaka mmoja na nusu baada ya mazishi. Kisha Jumamosi moja asubuhi mama akasema, "Leo lifungueni." Alisema "lifungueni" kana kwamba tulikuwa wengi, lakini nyumbani tulikuwa mimi na yeye tu.

Nililivuta nikalifungua. Juu kulikuwa na nguo zake za kaki za porini, bado zinanuka moshi na nta. Chini ya nguo kulikuwa na buti moja bila mwenzake, kofia yenye wavu wa kuzuia nyuki, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya kitambaa nikakuta tepu mbili za kompyuta, nene, kila moja karibu ukubwa wa kitabu cha nyimbo, na zina bamba la chuma upande wa chini. Baba alikuwa amebandika karatasi kwenye kila moja na kuandika kwa kalamu ya wino: *Kumbukumbu za kazi, ya kwanza. Kumbukumbu za kazi, ya pili.*

Mama alizigeuzageuza. "Hizi ndizo zile za Ijumaa?"

"Ndizo, mama."

"Zitupe," akasema. Halafu akazirudisha ndani ya kitambaa na kukifunga tena fundo.

Baba alikuwa bwana nyuki wa serikali. Watu wa Tabora wanajua maana yake: mtu wa pikipiki, wa kwenda kuwaonyesha wafugaji namna ya kutundika mizinga ya kisasa, na wa kurudi na nyumba nzima ikanuka asali. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa nikitoka shule napitia ofisini kwake ili anirudishe nyumbani kwa pikipiki. Hivyo nilikuwepo siku mashine ya tepu ilipoletwa.

Fundi alikuja nayo kwa treni kutoka Dar es Salaam, ameipakata kama mtoto. Aliifungua kompyuta ya ofisi kwa bisibisi, akaiingiza, akaunganisha waya mpana bapa kama mkanda wa suruali, kisha akawaeleza wafanyakazi wote waliosimama mlangoni kwamba kila Ijumaa mtu mmoja aweke tepu, asubiri mashine inakili kazi zote za wiki, aitoe na kuifungia kabatini. Kompyuta ikifa, tepu ndiyo itakayokumbuka.

Hakuna aliyetaka kazi hiyo. Walikuwa wanaiogopa kompyuta yenyewe, sembuse kitu kilichofungwa ndani yake. Mkuu wa ofisi akamtazama baba. "Wewe unafungua mzinga wenye nyuki elfu kwa mikono mitupu. Hiki kisanduku kitakushinda?"

Basi ikawa kazi ya baba. Kila Ijumaa alihakikisha amerudi kutoka porini kabla ya saa tisa. Aliweka tepu, akavuta kiti, akainamisha kichwa kusikiliza. Mashine ilianza kwa mlio mwembamba, ukapanda, ukakatika, ukarudi nyuma, ukaendelea. Mimi nilifanya hesabu zangu kwenye kona ya meza. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na katika mlio ule hakuna aliyemdai maneno. Mpaka leo naweza kusema kwamba saa nilizokaa naye karibu zaidi katika maisha yangu zilikuwa hizo, na hatukuzungumza.

Baadaye akaanza kuyahamishia madaftari yake ya porini kwenye kompyuta, kwa vidole viwili, ukurasa kwa ukurasa. Kazi hiyo ilichukua miaka. Ijumaa nyingine aliingia nyumbani chakula kimeshapoa, na mama akamuuliza, "Umeioa hiyo mashine?" Baba alinawa mikono na kula ugali wake wa baridi. Alipostaafu, aliomba ruhusa ya kunakili maandishi yake peke yake kwenye tepu mbili aje nazo nyumbani. Madaftari yenyewe yalikuwa yameshaliwa na mchwa. Muda si mrefu ofisi ikaletewa kompyuta mpya, na ile ya zamani ikaondolewa pamoja na mashine yake ya tepu.

Mimi sasa ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari hapa mjini. Nafundisha watoto ambao hata diski hawaijui. Kwao kila kitu kipo kwenye simu. Nilidhani kuzisoma tepu mbili hakutanishinda. Lakini ili kuisoma tepu lazima uwe na mashine yake, na mashine yake hakuna anayeiuza tena. Niliuliza shuleni, nikauliza kwa vijana wanaotengeneza simu karibu na stendi. Mmoja aliitazama ile tepu kama anayetazama jino la tembo. Kisha akaniambia niende nyuma ya soko, kwa mzee wa redio.

Mzee huyo nilikuwa namfahamu kwa sura. Ni mtu wa mjini hasa; babu zake walikuja na misafara kutoka pwani, na kama anavyosema mwenyewe, wakasahau kurudi. Duka lake ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna redio anazotengeneza. Nyuma kuna mashine za ofisi zilizokufa, zimepangwa mpaka darini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwalimu." Kumbe naye alinijua. Nilimpa tepu. Aliisogeza karibu na pua, kwa sababu macho yake yana mtoto wa jicho, akaipapasa kwa kidole gumba. "Hii ya nani?"

"Ya marehemu baba. Alikuwa bwana nyuki."

"Yule wa pikipiki nyekundu? Alinitengenezesha redio mara tatu. Ileile." Akainuka, akapita katikati ya mashine zake bila kugonga hata moja, akarudi na kisanduku cha kijivu kimejaa vumbi. "Njoo Jumamosi. Njoo na macho yako, maana yangu yamechoka. Mikono ninayo."

Jumamosi hiyo nilifika saa tatu. Alikuwa ameshaweka mezani kompyuta ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, na ameshapuliza vumbi lake kwa pampu ya baiskeli. Tulianza na kadi, kibao cha shaba na plastiki ambacho ndicho kinachoiwezesha kompyuta kuzungumza na mashine ya tepu. Aliikandamiza kwa dole gumba mpaka ikalia "ta!" Kisha waya mpana. Upande mmoja wa waya una mstari mwekundu, na mstari huo lazima ukae kwenye pini ya kwanza; ukiugeuza, umeunguza mashine.

"Soma, pini ya kwanza iko wapi?"

Niliinama na tochi ya simu. Namba ilikuwa ndogo kama kichwa cha sisimizi. "Kushoto, mzee. Karibu na waya wa umeme."

"Una hakika au unakisia?"

"Nina hakika."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akachomeka. Mwisho wa waya akaweka kizibo kidogo cha plastiki. Mimi, mwalimu wa kompyuta, sikujua kazi yake. Akanieleza kwamba ishara ikifika mwisho wa waya ikakosa pa kuishia inarudi nyuma na kuzivuruga nyingine. "Kama mtu aliyemaliza hotuba na hataki kukaa," akasema.

Tuliwasha. Kompyuta ikahesabu vitu vyake kwenye kioo cheusi, kimoja kimoja. Diski ikaiona. Tepu haikuiona. Tukazima, tukakagua waya, tukawasha. Haikuiona. Mara ya tatu mzee akaniambia nitazame nyuma ya kisanduku, penye vijipini sita na vifuniko vidogo vyeusi, nimwambie vifuniko vimekaa wapi. Nikamwambia. Halafu nitazame diski. Nikamwambia.

Akacheka. "Wote wawili wamepewa namba moja. Ukiita jina, wanaitika wawili, husikii mtu." Alihamisha kifuniko kimoja kwa kibano cha nyusi, na safari hii, tulipowasha, mstari mpya ukatokea chini ya diski: mashine ya tepu, namba nne. Taa yake ya kijani ikawaka.

"Alhamdulillahi," akasema mzee. Wakati huohuo adhana ya adhuhuri ikaanza. Alifuta mikono. "Nakwenda kuswali. Usiguse mpaka nirudi. Tutaijaribu kwanza kwa tepu isiyo na kitu."

Nilikaa. Taa ya kijani iliendelea kuwaka. Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nilikuwa na tepu za baba kwenye mkoba, mashine ya aina ileile mbele yangu, na ndani yangu kuna Ijumaa zile zote. Nilijiambia nitausikiliza tu mlio wake, dakika moja, niitoe. Niliingiza mkono kwenye mkoba, nikashika moja bila kuchagua, nikaisukuma ndani.

Haikulia ule mlio mwembamba. Ililia kama mlango wenye kutu, ikavuta, ikakwama, ikavuta tena kwa nguvu, kisha ikanyamaza. Nilibonyeza kitufe cha kuitoa. Ilitoka ikiburuta utepe wake nje, umejikunja, umepakaa kitu cheusi kinachonata kama ulimbo. Sehemu moja ulikuwa umekatika. Nilitazama karatasi: *ya pili.*

Mzee aliporudi alinikuta nimesimama. Hakuhitaji kuuliza, lakini aliuliza.

"Nilikwambia nini?"

"Nisiguse."

"Ukafanya nini?"

"Nimegusa, mzee."

Alikaa kwenye kiti chake, akavua miwani, akaipapasa ile tepu taratibu kwa vidole. Akanionyesha ndani ya mashine: kuna gurudumu dogo la mpira linalousukuma utepe, na mpira ule kwa uzee ulikuwa umeyeyuka kuwa gundi. Alikuwa anajua kwamba huwa hivyo. Ndiyo maana alitaka kuijaribu kwanza.

"Nenda nyumbani, mwalimu," akasema. Hakupandisha sauti. "Leo mikono yako ina haraka. Ya kwanza niachie hapa. Na hii pia."

Mama alikuwa uani anamenya karanga. Nilikaa kwenye kigoda kando yake nikachukua konzi nami nikaanza kumenya.

"Imesema nini?" akauliza.

"Nimeiharibu moja, mama. Mzee alinikataza, nikaiweka."

"Ipi?"

"Ya pili."

Hakunifariji. Alimenya, akapepeta, akamenya. "Baba yako hakuwahi kukuchapa," akasema mwishowe. "Kwa hili angekuchapa." Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli nilipumua kidogo.

Wiki mbili sikwenda nyuma ya soko. Nilijisingizia kusahihisha mitihani. Wiki ya tatu nilimkuta mzee ameegemea mlango wa duka lake kana kwamba ananisubiri tangu asubuhi. "Nilidhani umehamia Mwanza," akasema. Aliniingiza ndani na kunionyesha lile gurudumu. Alikuwa amekwangua gundi yote, amelisafisha kwa spiriti, kisha akakata kipande cha mpira wa kupitishia mafuta wa bodaboda, akakivisha juu yake na kukisugua kwa msasa mpaka kikapata unene uleule. Macho yake hayakufaa kwa kazi hiyo. Alikuwa ameifanya yote kwa kupapasa.

Safari hii nilikaa mikono mapajani. Alianza na tepu tupu. Ikaenda mpaka mwisho, ikarudi mpaka mwanzo, bila doa. Akaifanya tena. Kisha akaishika ya baba na kunieleza, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba kwanza ataizungusha yote bila kuisoma, ili utepe uliolala miaka mingi ujinyooshe, halafu ndipo tutaisoma.

Aliizungusha. Halafu akasema, "Haya, mwalimu. Sasa ni kazi yako."

Niliandika amri. Mashine ikatulia kidogo, kisha ikaanza: mlio mwembamba, ukapanda, ukakatika, ukarudi nyuma, ukaendelea. Nilikuwa nimesahau ule mkato wake wa katikati. Sikio langu lilikuwa halijasahau. Machozi yakanitoka mbele ya mtu mzima asiye ndugu yangu. Mzee akageukia redio moja mezani na kuanza kufungua skrubu ambazo, nina hakika, hazikuhitaji kufunguliwa.

Ilichukua saa mbili kasoro. Mahali pengine mashine ilisita, ikajaribu mara tano sita, ikaruka. Mwishoni nilikuwa na maandishi ya baba kwenye flashi ndogo kuliko ufunguo wa kufuli, yakiwa na mapengo hapa na pale. Nilimuuliza mzee kuhusu ile iliyokatika. Akasema ataiunga, ila haniahidi kitu.

Jumapili, tuliporudi kanisani na kula, nilimwekea mama kiti barazani nikafungua kompyuta yangu ya mapajani. Mama hakusoma shule. Alizaliwa kijijini Lusu, akaolewa, akaja mjini. Miaka yote hiyo baba alikuwa anaandika kitu ambacho yeye hakukijua.

"Soma," akasema.

"'Jumanne. Ulyankulu. Nimefika saa nne. Mizinga kumi na nne, yenye nyuki tisa. Miti ya mitundu imeanza kuchanua. Nimerudi saa kumi na mbili.'"

"Endelea."

"'Jumatano. Ofisini. Ripoti. Alhamisi. Kaliua. Mizinga ishirini, yenye nyuki kumi na saba. Nyuki wakali kiasi. Nimelala Kaliua.'"

Mama akaweka mkono juu. "Hapo hapo. Rudia."

Nikarudia.

"Wakali kiasi! Alirudi jicho limefumba, uso kama boga. Nilimkanda kwa maji ya chumvi siku mbili. Na alilala Kaliua kwa kuwa hakuweza kuona njia ya kuendesha pikipiki." Akanisogelea. "Hakuandika kwamba waliuma?"

"Hakuandika."

"Hakutaka serikali ijue," akasema mama, na akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mazishi, cheko la kupiga paja. Aliniambia nisome zaidi, nikasoma. Maandishi yote yalikuwa hivyo: siku, mahali, saa, mizinga. Hakuna alipomtaja mke wala mtoto. Nilianza kuona aibu kwa niaba yake, na nikahofia mama ataumia. Lakini yeye alikuwa kila mstari ana lake.

"'Ijumaa. Ofisini. Nimebadilisha tepu. Mvua kubwa. Nimesubiri imalizike.'"

"Imalizike tepu au mvua?"

"Hakusema."

"Ndiyo maana alikuwa anachelewa," akasema. "Alikuwa na vya kusubiri viwili."

Karibu na magharibi nilifika mahali ambapo ilinibidi nisome kimoyomoyo kwanza. Mama akaona. "Nini?"

"'Jumapili,'" nikasoma. "'Binti amepanda treni kwenda chuo. Treni imeondoka saa mbili na nusu. Mizinga haikukaguliwa.'"

Nilimkumbuka stesheni siku hiyo, amesimama na mikono nyuma, akiniambia nisilale karibu na dirisha. Treni iliposogea hakupunga mkono.

Mama akauliza taratibu, "Jumapili nani anakagua mizinga?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna," akasema. Akaokota kanga yake iliyoanguka begani, akajifunika vizuri, na kwa muda tulisikiliza kwaya ikifanya mazoezi mtaa wa pili.

Tangu hapo kila Jumapili tunasoma kidogo. Mahali baba alipokosea au alipoficha, mama ananiambia, "Andika hapo chini kwamba si kweli," nami naandika maneno yake kama anavyoyasema, kwa rangi nyingine ili yasichanganyike. Kuna kurasa ambazo sasa maneno ya mama ni mengi kuliko ya baba.

Ile tepu ya pili bado iko nyuma ya soko. Mzee aliiunga kwa gundi ya kanda za redio, ikasomeka kidogo sana, vipande vya siku, majina ya vijiji bila kilichofanyika huko. Nikipita ananiambia kwamba bado hajakata tamaa. Mimi nimekata, na sijamwambia.

Jumapili iliyopita tulimaliza ya kwanza. Nilimweleza mama kwamba hapo ndipo mwisho. Miaka inayofuata, mpaka kustaafu, ndiyo ile niliyoiharibu. Nilitegemea atanisema tena. Alifikiri, akatafuna punje ya karanga, akauliza kama ile kompyuta inaweza kuandika hata kama hakuna tepu.

"Inaweza, mama."

"Basi andika," akasema, akakaa vizuri kitini. "Jumatatu. Hakwenda porini, alikuwa na homa, na alidanganya ofisini kwamba pikipiki imeharibika."